Daftari la Fundi Cherehani

Maneno haya mimi, daktari anayetibu saratani za wanawake, niliwaambia wahitimu wa chuo kimoja cha sayansi za afya siku ya mahafali yao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa nimepunguza itifaki, ambayo siku ile ilikula muda wa watu.

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi mliosafiri usiku kucha mkashuka stendi na sare zenu bado zimenyooka, na ninyi wahitimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Ninyi wengine, hamjambo.

Nataka niwasimulie habari ya madaftari mawili.

La kwanza ni daftari la hospitali. Mnalijua: kurasa 48, jalada jembamba, nyuma limechapwa tebo za kuzidisha, mama kalinunua dukani akielekea foleni. La mama huyu lilikuwa limekunjika kona kwa kukaa ndani ya pochi pamoja na hela zake za ndizi. Februari ameandikiwa gesi, akapewa vidonge vya kutafuna. Machi UTI, vidonge vya sipro siku 5. Mwisho wa Machi UTI tena, safari hii sindano. Aprili vidonda vya tumbo, kwa sababu alieleza kwamba akila matonge matatu anashiba. Mei minyoo. Juni "UTI sugu". Miandiko sita ya watu sita, na hapo sijahesabu maduka ya dawa, maana yenyewe hayaandiki kitu. Nililisoma daftari lile mwanzo hadi mwisho nikitafuta sentensi moja tu, ya kwamba kuna mtu alimlaza kitandani akamshika tumbo. Haikuwemo.

Daftari la pili lilikuwa la fundi wake wa nguo. Mama alikuwa anashonewa sare ya harusi ya mtoto wa dada yake. Januari alishonewa gauni jingine na fundi huyohuyo, na yule fundi ni mtu wa kumbukumbu. Kila mteja ana ukurasa wake. Januari: kiuno 34, mkono 14. Juni: kiuno 41, mkono 12. Fundi alirudia kupima, akidhani futi yake imevutika. Kisha akaikunja, akamwambia: "Dada, mimi nimeshona wanene na nimeshona waliokonda. Wewe huku unanenepa, huku unakonda, mtu mmoja? Nenda hospitali kubwa. Gauni litasubiri."

Basi aliyempa rufaa ni fundi cherehani.

Alipopanda kitandani kwangu sikuhitaji mashine kujua kwamba tumbo lile lina maji. Ukigonga ubavu mmoja, wimbi linakufikia kiganja cha upande wa pili. Ultrasaundi ikaonyesha yaliyobaki: ovari zote mbili zimegeuka uvimbe wenye vyumba vyumba na nyama ndani yake, na utaji wa mafuta unaofunika utumbo umeshikana ukawa kama mkate. Saratani ya ovari, hatua ya tatu.

Sikuja kuwasema wale sita. Mimi nami nimewahi kuwa mmoja wao, na nitawaambia ilikuwaje. Nimekuja kwa sababu kuanzia mwezi ujao miandiko ile itakuwa yenu.

Ovari ni kitu kidogo, tuseme korosho kubwa iliyomenywa, na imening'inia ndani ya nyonga mahali penye nafasi. Uvimbe ukiota pale haumbani mtu wala haumchomi. Tena wanapatholojia, wale wanaochunguza vinyama vya wagonjwa maabara, wametuonyesha miaka hii kwamba ile aina iliyo kali na ya kawaida zaidi mara nyingi haianzii hata kwenye ovari. Inaanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, pale penye mashada yanayolidaka yai. Chembe zinapukutika kutoka pale kama mbegu za mchicha, zinaangukia ovari, zinaangukia utaji wa utumbo, zinaangukia chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Ndiyo maana wagonjwa wengi tunawapata ikiwa imeshatapakaa tumboni.

Lakini si kweli kwamba haina dalili. Wanaoiita muuaji wa kimya hawajawasikiliza wagonjwa wake. Ina dalili nne na zote zilikuwa kwenye lile daftari: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga au chini ya kitovu, na mkojo wa mara kwa mara. Tatizo ni kwamba hata mimi hapa nilipo nina mbili kati ya hizo, na ni kwa sababu ya pilau ya mgeni rasmi. Kinachotofautisha ni kalenda. Dalili hizi zikiwa mpya, yaani hazijatimiza mwaka, na zikawa zinamshika mwanamke zaidi ya siku 12 katika mwezi, hasa akiwa amevuka miaka 50, basi UTI ya tatu msiiandike tena. Mlazeni mama, mshikeni tumbo, mwombeeni ultrasaundi. Wengi wao hawatakutwa na saratani, na hiyo ni furaha, mtawapa pole ya nauli.

Atakuja mwingine atawaambia ana chango. Msimcheke, na msianze kumhubiria kwamba chango halimo kwenye vitabu vyenu. Chango ni namna yake ya kusema kuna kitu tumboni mwangu kinatembea na sikipendi. Muulizeni: mama, hilo chango limeanza lini? Linakushika siku ngapi kwa mwezi? Atawajibu vizuri zaidi kuliko mkimuuliza kuhusu "dalili".

Mtaniuliza kwa nini tusiwapime wote wakiwa wazima, tukaiwahi. Waingereza walijaribu jambo hilo. Kati ya mwaka 2001 na 2005 waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha kukoma hedhi. Wengine walipimwa damu kila mwaka kutafuta protini iitwayo CA-125, wengine ultrasaundi kila mwaka, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Wakawafuatilia kwa miaka kama 16. Majibu yalipotoka mwaka 2021, vifo vya saratani ya ovari havikuwa vimepungua kwa waliopimwa. Kazi kubwa namna ile, na jibu likawa hapana. Kwa hiyo mkikuta kifurushi cha uchunguzi wa mwili mzima chenye CA-125 ndani yake, na mwanamke mzima asiye na dalili anataka kukilipia, mwambieni hela hiyo akanunue samaki.

Shingo ya kizazi ni habari nyingine kabisa, na kwa sababu hiyo inaniuma zaidi. Ile kipimo chake kipo, tena cha bei ya siki. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Inakadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka. Inaletwa na kirusi cha HPV, na kikishang'ang'ania huchukua miaka 10, 15, hata 20 kuifikisha shingo ya kizazi kwenye saratani. Miaka yote hiyo ni ya kwenu. Unapaka siki iliyopunguzwa makali, unasubiri dakika moja, unaangalia kwa taa. Pakigeuka peupe na panafaa kutibiwa, unapachoma kwa joto siku hiyohiyo na mama anarudi nyumbani kupika. Chanjo tunayo nchi nzima tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mwanamke anayeishi na VVU hatari ni kama mara sita ya mwenzake, kwa hiyo asiondoke kliniki ya dawa bila kuulizwa mara ya mwisho alipimwa lini. Kwake tunaanza akiwa na miaka 25, hatusubiri 30. Nikiona mtu wa miaka 38 anavuja damu, harufu imeshatangulia mlangoni, figo zimeziba kwa uvimbe, na nyumbani kwao mpaka kituo cha afya ni mwendo wa bodaboda dakika kumi, huwa natoka nje kwanza.

Na kabla sijaondoka huko chini: mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja kwenye kanga, hajarudia usichana kama wanavyotaniana. Huyo achukuliwe kinyama cha ndani ya mji wa mimba kikapimwe maabara. Wengi watakutwa na kitu kidogo tu, lakini saratani ya ukuta wa kizazi hujitangaza hivyo, na ikiwahiwa upasuaji peke yake mara nyingi unaimaliza.

Turudi kwenye CA-125, maana mtaiona sana na itawadanganya. Ni protini ya kwenye damu iliyogunduliwa na kundi la daktari Robert Bast kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kawaida haizidi 35. Inapanda kwenye saratani ya ovari, sawa. Inapanda pia kwenye ujauzito, kwenye fibroidi, kwenye endometriosisi, yaani utando wa ndani ya kizazi ukiota nje yake, na inapanda sana kwenye TB ya tumbo. Nimewahi kuletewa mwanamke wa miaka 30 na kitu, tumbo maji, CA-125 zaidi ya 500, amekonda, homa za jioni. Huko alikotoka ndugu walishaambiwa wamrudishe nyumbani, na kaka yake alikuwa ameanza kuchanga hela ya jeneza. Tulichukua kinyama. TB. Alikunywa dawa miezi sita kwenye kituo cha afya cha kijijini kwao, bure. Siku aliyokuja kuniaga, kaka yake ndiye aliyeshindwa kunitazama usoni.

Kwa hiyo msimwambie mtu ana saratani kwa sababu ya namba. Ila namba ina matumizi yake ikizidishwa na vitu vingine. Hesabu hii ilitolewa Uingereza mwaka 1990, na mnaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Chukueni CA-125. Zidisheni kwa 3 kama mama ameshakoma hedhi, kwa 1 kama bado. Kisha zidisheni kwa alama ya ultrasaundi: picha isiyo na cha kutia shaka ni 0, yenye kimoja ni 1, yenye viwili na zaidi ni 3. Vya kutia shaka ni uvimbe wenye vyumba vingi, wenye nyama ngumu ndani, uliopo pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Binti wa miaka 28, CA-125 yake 150, uvimbe wa chumba kimoja uliojaa maji tu: 150 mara 1 mara 0. Sifuri. Tulieni naye. Mama wetu wa ndizi alikuwa na 480, hedhi imekoma, picha imejaa mashaka: 480 mara 3 mara 3, inakuja 4,320. Mpaka tunaouweka ni 200. Ukivukwa, kisu kisishikwe wilayani. Mgonjwa aende kwa wanaofanya upasuaji wa saratani za wanawake. Dar es Salaam, Moshi na Mwanza njia zinajulikana, na mkiandika barua ya rufaa andikeni namba zote tatu mlizozidisha, si "uvimbe wa tumbo" peke yake.

Sasa binti mmoja. Alikuwa na miaka 16, kidato cha pili. Tumbo lilikua ndani ya miezi miwili. Shuleni wakampima mkojo, mistari miwili. Mnajua kinachofuata; baba alimtoa nyumbani pamoja na mama yake, mama akiambiwa ndiye aliyemlea vibaya. Binti alikuwa analia kwamba hajalala na mtu, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kumwona mwongo. Aliyemwokoa ni mkunga mmoja wa zahanati aliyetafuta mapigo ya moyo wa mtoto akayakosa, akashika kizazi akakikuta kidogo, na uvimbe uko pembeni. Akaandika: "Kipimo chanya, kizazi hakina ujauzito, uvimbe kulia, tafadhali chunguzeni." Barua ya mstari mmoja, ninayo mpaka leo.

Kuna saratani za ovari zinazotokana na chembe za mayai zenyewe, na hizo huwapata wasichana na wanawake vijana. Baadhi yake hutengeneza homoni ileile inayopimwa kwenye kipimo cha mimba. Kipimo hakikukosea, kilisoma homoni iliyokuwepo. Kwa hiyo mkiona mistari miwili na kizazi kitupu, fikirieni kwanza mimba iliyotunga nje, kwa sababu hiyo inaua leo leo, kisha fikirieni hili. Na jambo zuri kuliko yote nitakayosema leo ni kwamba saratani hizi nyingi zinapona, hata zikiwa zimesambaa. Tulitoa ovari moja, tukamwachia nyingine na kizazi chake, akapata mizunguko ya dripu za dawa za saratani kila baada ya siku 21. Nywele zilirudi, hedhi ilirudi, shule alirudi. Mtaani kwao sijasikia aliyekwenda kumwomba radhi.

Ndugu wa ugonjwa huo ni mimba zabibu, ile ambayo kondo hugeuka vifuko vya maji kama kichala cha zabibu. Mnajua kuisafisha, kinachosahaulika ni baada ya pale. Mama arudi apimwe homoni ile kila wiki mpaka ishuke kabisa, na asishike mimba katika kipindi hicho. Ikigoma kushuka, au ikipanda, kuna dawa ya methotrexate, na kwa walio na hatari ndogo karibu wote hupona. Mwaka 1956 daktari Min Chiu Li, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliitumia kwa mwanamke mwenye saratani ya kondo iliyokwisha ingia mapafuni, na ikayeyuka. Wakati ule wengi hawakuamini kwamba uvimbe wa saratani unaweza kuponywa kwa dawa tupu.

Hata huyo binti hakuwa wa kwanza kuhesabiwa mimba isiyokuwepo. Mwaka 1809, huko Kentucky, mwanamke aitwaye Jane Todd Crawford alidhaniwa ana mapacha waliopitiliza siku. Daktari Ephraim McDowell alimpima akamwambia ukweli: huu ni uvimbe wa ovari, hakuna aliyewahi kuutoa mtu akapona, ukikubali nitajaribu. Mama alipanda farasi kilomita kama 100 wakati wa baridi, tumbo limeegemea tandiko. Ganzi haikuwepo, wala haikuwa imevumbuliwa. Wanasimulia kwamba alikuwa akiimba zaburi mezani. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kilo kama 10, kazi ilichukua dakika kama 25, na baada ya siku 25 alipanda farasi akarudi kwake. Aliishi mpaka miaka 78. Mimi nachowapendea wale wawili si ushujaa. Ni kwamba daktari yule alishika tumbo, akashika kizazi, akasema siyo mimba. Kila kitu kilichofuata kilianzia hapo.

Niliahidi kuwaambia langu.

Nilikuwa daktari mchanga, hospitali moja ya wilaya, sitaitaja. Mwanamke wa miaka 44, uvimbe chini ya kitovu. Niliandika fibroidi kwa sababu nilikuwa nimeona fibroidi nne wiki ile. Ultrasaundi ilikuwepo, foleni ilikuwa ndefu, nikaona haina haja. Nikakata mkato mdogo wa mlalo, ule unaofichwa na nguo ya ndani, nikijisifu moyoni kwamba kovu halitaonekana. Ndani nikakuta kizazi kizima, safi, na ovari ya kushoto imekuwa kama embe bolibo, ngozi yake inang'aa. Tundu nililolikata halikutosha kuitoa. Nikavuta. Ikapasuka mkononi mwangu, uji wa kahawia ukamwagika kila mahali.

Nilinyonya, nikaosha, nikatoa vipande, nikafunga. Kinyama kilikwenda kwa basi, majibu yakarudi baada ya wiki sita. Saratani. Kabla ya mimi kuigusa ilikuwa imefungwa ndani ya ovari moja, hatua ya kwanza kabisa, ambayo pengine upasuaji ungetosha. Baada yangu ilikuwa imemwagika. Hatua ile niliibadilisha mimi. Ilibidi afunguliwe mara ya pili na mwingine aliyejua, kisha apate dripu. Alipona, kwa hiyo ninaweza kusimama hapa kuisimulia. Nilimweleza kilichotokea, ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Nilijua kuna kitu, maana ulikuwa hunitazami."

Basi chukueni haya kutoka kwangu. Maji ya tumboni mnaruhusiwa kuvuta kwa sindano na kuyapeleka maabara. Uvimbe wenyewe wa ovari unaoutilia shaka usiutoboe kwa sindano, na usiutoe kupitia tundu la aibu. Mkato wa saratani ni wa wima na ni mrefu, na kovu linaonekana, na mama atalizoea.

Kuhusu tiba nitakwenda haraka, mtayakuta mbele. Saratani ya ovari ya kawaida inatibiwa kwa kisu na dripu. Kisu kinatafuta kuondoa kila kinachoonekana kwa macho, kwa sababu mabaki yakiwa makubwa dawa inashindwa. Kama imetapakaa sana, tunaanza na mizunguko mitatu ya dripu, tunapasua, tunamalizia mitatu. Dawa ni mbili: carboplatin, ambayo kipimo chake hufuata nguvu ya figo, na paclitaxel, iliyopatikana kwanza kwenye maganda ya mti mmoja wa misitu ya magharibi mwa Marekani na ikaruhusiwa kutibu ugonjwa huu mwaka 1992. Hiyo ya pili inang'oa nywele zote, hata za nyusi. Mwambieni mama mapema anunue kilemba anachokipenda, asije akastukia kwenye kitana. Tangu 2014 kuna vidonge kama olaparib, vinavyosaidia sana wenye kasoro ya kurithi kwenye jeni ziitwazo BRCA. Bei yake kwa wengi wa wagonjwa wangu ni hadithi.

Hiyo BRCA, neno moja tu: kwa mwanamke yeyote uwezekano wa kupata saratani ya ovari maishani ni kama mmoja katika 80, mwenye BRCA1 yenye kasoro anakaribia 44 katika kila 100. Hurithiwa kwa baba pia, kwa hiyo mkiuliza habari za matiti na ovari kwenye ukoo, msiishie kwa mama na dada zake, ulizeni na mashangazi. Na wale wanaoogopa kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vinaozesha ovari, waelezeni ni kinyume chake. Kila miaka mitano ya kuvitumia hupunguza hatari kwa kadiri ya asilimia 20. Kwa shingo ya kizazi vikitumika muda mrefu hatari inaongezeka kidogo, nalo waambieni.

Kinachowashinda wagonjwa wangu mara nyingi ni nauli kuliko dawa. Siku 21 zinapita haraka ukiwa unauza ndizi. Mzunguko wa nne anachelewa wiki, wa tano anachelewa mwezi, wa sita hauonekani. Ninyi mtakuwa na namba zao za simu, mimi sina. Siku ya 19 mpigieni mama wa kijijini kwenu mumuulize ameshapata tiketi. Na ndugu wakiwavuta pembeni ya korido wakasema, "Daktari, mgonjwa asiambiwe," muulizeni mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Mara nyingi anajua tangu wiki iliyopita na yeye ndiye anayewaficha wao.

Mama wa ndizi alimaliza mizunguko sita na upasuaji katikati. Alikaa miaka miwili na nusu bila ugonjwa, ukarudi, kama unavyorudi kwa wengi waliofika hatua ya tatu. Takwimu za Marekani zinasema ikikutwa bado haijatoka kwenye ovari, zaidi ya 90 katika kila 100 wanaimaliza miaka mitano. Ikiwa imeshasambaa mbali, ni kama 30. Siwezi kuwaambia kwamba Februari angekuwa upande wa 90. Naweza kuwaambia kwamba Februari tumbo lile lilikuwa na maji kidogo na mwili ulikuwa na nguvu nyingi. Alituaga mwaka uliopita, nyumbani kwake, maumivu yakiwa yametulizwa kwa morfini ya maji ambayo mmoja wa wahitimu wenu wa zamani alikuwa akimpelekea kwa baiskeli.

Kwa fundi nilikwenda wiki iliyopita. Ukurasa wa mama bado upo na una vipimo vya mara tatu: Januari 34, Juni 41, na Mei ya mwaka uliofuata 33. Ile ya tatu ndiyo ya gauni la sare. Harusi ilishapita, lakini alilitaka hivyo hivyo, akalivaa Idi.

Nilimwambia fundi nataka kununua futi nyingi, akanipeleka mwenyewe sokoni, akazivuta moja moja mbele ya mwenye duka, maana zile za bei rahisi anasema zinavutika ndani ya mwezi. Ni za njano, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Zungusheni usawa wa kitovu, mama akiwa amelala, andikeni namba na tarehe, arudi baada ya wiki mbili mpime tena palepale. Zimo kwenye boksi pembeni ya keki, moja kwa kila mhitimu. Msichukuliane, nimezihesabu.